Bektur na Mabakuli ya Njiani

Jioni ya kwanza walipopanda kwetu malishoni, wachezaji walikuwa wamechoka hata kuvua viatu hawawezi, nami nikawategea kitendawili. Nina nguo, nikawaambia, kadiri unavyopanda mlima inapungua, ukifika juu kabisa unabaki karibu uchi, na wala hakuna aliyewahi kuiona. Mmoja akasema theluji. Mwingine akasema kivuli. Iskender, yule kijana wa mji mkuu mwenye nywele zilizonyolewa ubavuni, akasema ni mshahara wa klabu yao, wote wakaangua kicheko mpaka mbwa wakabweka. Wakanipa mji, nami nikala mji wangu vizuri, kisha nikawaambia: ni hewa.

Na hewa hiyo ndiyo iliyowaleta. Kila kiangazi kocha Taalai hukusanya timu yake ya Karagat, akaipandisha huku juu ambako sisi tunachungia farasi na kondoo, akaitesa. Husema mtu akizoea kukimbia mahali hewa ilipo haba, siku akiteremka kucheza bondeni atavuta pumzi kama aliyealikwa karamuni. Asubuhi aliwavalisha fulana zilizoshonewa mifuko ya mchanga, wakapanda mteremko wa mawe: kimbia mpaka jiwe jekundu, tembea mpaka jiwe jeusi, kimbia tena. Halafu anapita mmoja mmoja akiwawekea vidole shingoni, asikilize moyo unatulia upesi au unachelewa. Adhuhuri wanaingia kijitoni, maji ya barafu yawafike kiunoni, midomo inageuka bluu, huku yeye amekaa ukingoni anakula matunda ya aprikoti. Jioni ndipo zinapokuja mbio ndefu, bila mchanga, kazi ya miguu peke yake: kutoka kambini kwao, kufuata njia inayopita mbele ya mahema yetu yote, kisha kupanda kilima hadi kwenye rundo la mawe lenye vitambaa pale juu.

Katika timu hiyo alikuwemo mjukuu wangu Bektur. Huyu nimemlea mwenyewe, kiangazi malishoni, baridi kijijini. Anacheza winga ya kushoto, na akiwa na mpira mguuni hata mimi nisiyejua kuotea ni nini nasimama. Lakini alikuwa bado timu ya akiba. Nafasi katika timu ya kwanza ilibaki moja tu, na kocha alikuwa amewaambia waziwazi: itakuwa ya Bektur au ya Iskender. Jumamosi watakimbia zile mbio ndefu, atakayetangulia kufika kwenye rundo la mawe kati yao wawili ndiye atakayevaa jezi ya timu ya kwanza. Mwingine atarudi kwao, akatafute kazi nyingine ya kufanya na miguu yake.

Mpira wanalingana, kila mtu alisema. Tatizo la Bektur lilikuwa mbio ndefu. Asubuhi, na mchanga mgongoni, anawaacha wote. Jioni, mchanga umevuliwa, anafika wa mwisho, ameshika ubavu, anaguna kama ngamia anayeinuliwa. Iskender akamfanyia mzaha, akamuuliza kama anakimbia au anasindikiza mbuzi. Kocha hakucheka. Alikuja hemani kwangu kunywa chai, akazungusha bakuli mkononi muda mrefu, mwisho akaniambia taratibu kwamba mjukuu wangu ana miguu ya dhahabu ila kifua hana, na kifua huwezi kumkopesha mtu.

Maneno yale yaliniuma. Huyu mtoto alikuwa akiwafukuza punda milimani kabla hajaota meno ya mbele mara ya pili, kifua kimeenda wapi?

Jioni iliyofuata nikaketi mlangoni nikamtazama. Walipita wale wa mjini kwanza, kila mmoja akanipungia mkono, wakaenda zao. Halafu akaja Bektur peke yake, na alipofika kwangu akasimama, akainama, akaniamkia mimi bibi yake, "Apa, hujambo?" Mdomo wake wa juu ulikuwa na masharubu meupe.

Sasa mimi nami, kama kawaida yangu, nilikuwa nimeshika bakuli la kumisi mkononi, maziwa ya farasi yaliyochachuka vizuri, baridi, yenye mapovu. Mkono wa pili nilikuwa na mkate. Ndivyo tulivyo. Mtu wa kwenu hapiti mlangoni pako mkavu, na yeye hapiti bila kuonja. Nikamnyooshea bakuli, akalipokea kwa mikono miwili, na nilipomwona anafumba macho kabla ya kulinywa, kama mgonjwa mbele ya dawa, ndipo nikashtuka.

"Hili la ngapi?" nikamwuliza.

"Apa, usiniulize. Nikihesabu nitatapika."

Lo. Kumbe kila hema! Kwa mama wa kwanza bakuli, kwa wa pili bakuli, kwa Zuurakan, yule jirani yangu mwenye mkono mkubwa, mabakuli mawili maana yeye hajui moja. Wale wa mjini walikuwa wageni, wakipunga mkono wanasamehewa, hawajui lolote. Lakini Bektur hapa ni mtoto wa kila nyumba. Amekula kwao, amepigwa nao, amewachungia wana-kondoo wao. Atawapitaje? Alikuwa anapanda kile kilima tumbo linacheza chapwa chapwa kama chombo cha ngozi kwenye mgongo wa farasi anayekimbia, halafu watu wanasema hana kifua.

Nikamwambia nakwenda kwa kocha sasa hivi nikamweleze abadilishe njia. Bektur akanishika mkono wa vazi. Akasema nikifanya hivyo Iskender na wenzake watamcheka mpaka mwisho wa maisha yake, kwamba alimtuma bibi yake amwombee njia nyepesi. Na kocha atasema mchezaji anayeshindwa na bakuli atashindwa na mengi. Nikamwuliza basi, huwezi kukataa? Akanitazama kama niliyemwambia atembee uchi sokoni.

"Mzee Kalmurza ndiye aliyenipandisha farasi mara ya kwanza, apa. Anasimama pale juu na bakuli, ananingojea. Nimpite?"

Alipokwisha kwenda nikamtandika farasi wangu. Goti langu linakataa ngazi, lakini farasi bado halijamkataa. Nikazunguka hema kwa hema, nikawaambia akina mama jambo moja: Jumamosi mbio zikianza, mabakuli yakae ndani, na ninyi kaeni ndani, teremsheni pazia la mlangoni. Asiyemwona mtu mlangoni hawezi kuitwa amepita bila kuonja. Mtoto apite huru, siku hiyo moja tu.

Haikuwa rahisi. Mmoja alisema pazia lake halijateremshwa mchana tangu mwaka wa dhoruba. Zuurakan alikasirika kabisa, akaniuliza nataka majirani waseme nini, kwamba farasi wake wamekauka maziwa? Nikamwambia kama kuna mtu duniani anayeweza kusema mlango wa Zuurakan ni mkavu, basi huyo bado hajazaliwa, na akizaliwa atazaliwa amelewa kumisi yake. Akacheka, matiti yakatikisika, akakubali. Wote wakakubali. Nikawaomba wasimwambie Bektur, maana namjua, angekwenda kuomba radhi kwa kila nyumba kabla ya mbio na kunywea humo humo.

Akabaki mzee Kalmurza. Hema lake ni la mwisho, peke yake kwenye kilima, pale njia inaposimama wima na kifua cha mtu kinawaka moto. Bakuli la pale ndilo linaloua. Nilimkuta anasuka kamba ya manyoya. Nikamweleza. Akaendelea kusuka.

"Hapana," akasema.

Nikambembeleza. Akaniambia mlango wake ni mlango wa baba yake, na mbele ya mlango huo wamepita wezi wa mifugo wakanyweshwa kwanza ndipo wakafukuzwa. Mtoto wa Karagat ni nani apite hivi hivi?

Najua udhaifu wake. Sisi wawili tumetegeana vitendawili tangu nilipoolewa huku, hata harusini alinitegea. Nikamwambia, haya, kaka Kalmurza, nakutegea kimoja. Ukishindwa, Jumamosi unakaa ndani. Macho yakamng'aa, akaweka kamba chini.

"Kitendawili," nikasema.

"Tega."

"Ndugu wawili wanaishi chumba kimoja cha fito, wanakula wasichokiona. Wakigoma, farasi mzima anaanguka."

Hakungoja hata nifunge mdomo. "Mapafu. Na wewe umekuja kunitegea mapafu kwa sababu ya mbio. Umezeeka, bibi Sairakan." Akanirudishia chake papo hapo: "Askari wangu hana macho, hana meno. Mchana kutwa amekunjwa mlangoni. Akijinyoosha mchana, waulize wenyewe nani kafa."

"Pazia la mlangoni," nikajibu, nikajiona hodari.

Tukawa sawa kwa sawa, na sawa kwa sawa maana yake bakuli linabaki njiani. Nikateremka kilima na hasira zangu. Jibu nilikuwa nimelitoa kwa mdomo wangu mwenyewe na wala sikulisikia.

Jumamosi ikafika. Jua jembamba, upepo wa theluji kutoka juu. Kocha alipanda mapema kwa gari lake, na darubini yake, akakaa kwenye rundo la mawe na filimbi mdomoni. Mimi niliteremsha pazia langu, nikatoboa kitundu kati ya fito na sufu, nikamfunga farasi nyuma ya hema, ametandikwa tayari. Malisho yote yalinyamaza. Hakuna moshi mlangoni, hakuna mtoto, hakuna mama na ndoo. Nikajisifu moyoni kwamba nimepanga vita kama jemadari.

Filimbi ikalia kule juu, wakatoka kambini kama kundi la farasi lililofunguliwa. Bektur alikuwa mbele. Nawaambia alikuwa mbele, na Iskender mgongoni kwake, na wengine nyuma yao. Alikuwa mwepesi, visigino vinagusa na kuondoka. Nikaanza kucheka peke yangu gizani.

Akalifikia hema la kwanza. Pazia chini. Akageuza kichwa, akapunguza mwendo. Iskender akawa sambamba naye. Hema la pili, pazia chini. Bektur akapunguza tena, sasa anatazama huku na huku, na hata kutoka kwangu niliona sura yake imebadilika. Iskender akampita. Mimi bado sikuelewa. Nilikuwa nasema, huyu mtoto vipi, njia nyeupe, kimbia. Akalifikia hema la Zuurakan, akaliona pazia limeteremshwa mchana wa jua, hema la tatu mfululizo, akasimama. Akasimama kabisa! Akavua kofia yake, akaishika kifuani.

Ndipo nikalia, uwiii. Milango yote ya malisho imefungwa mchana, kama ifungwavyo kwetu penye maiti, tena siku moja. Mtoto wa kwetu atawaza nini tena? Amewaza msiba. Amewaza mtu amekufa, na kwa kuwa nyumba zote zimefunga basi ni mkubwa, na yeye anakimbia na kaptula mbele ya maiti.

Wengine wote wakampita. Yeye akainua ncha ya pazia la Zuurakan kwa adabu, akaingiza kichwa, akauliza kwa sauti ya chini, "Mama, nani?"

Zuurakan alinisimulia baadaye kwamba alikuwa amekaa na upawa mkononi, akimtazama huyu kijana anayelengwalengwa na machozi, akashindwa acheke au amchape. Akamchapa. Upawa ukampata begani.

"Hajafa mtu," akamwambia. "Lakini usipokimbia sasa hivi, atakufa mmoja, na ni wewe."

Bektur akatoka mle kama risasi. Na sasa siri ilikuwa imevunjika, hakukuwa na maana ya kujificha. Zuurakan akatoka nyuma yake anapiga ndoo kwa upawa. Pazia la hema lililofuata likapanda, na la baada yake, wakatoka mama, baba, watoto, mbwa, kila mtu anapiga kelele kimbia, hakuna msiba, kimbia. Nami nikatoka, nikapanda farasi kwa namna ambayo sitaieleza, nikamfuata.

Jamani, mtoto alikimbia. Alimpita wa mwisho, akampita kipa mnene, akawapita mabeki wawili waliokuwa wakizungumza, akawapita bila kuwatazama. Mdomo umefungwa, pumzi puani, kama kocha alivyofundisha. Njia ilipoanza kuinuka wengine walifupisha hatua, yeye akazirefusha. Nilimchapa farasi wangu niweze tu kumwona. Iskender alikuwa bado mbele, mbali, anakata kona ya kilima. Lakini Iskender alikuwa amekimbia mwanzo wote kwa kasi, akidhani Bektur yuko nyuma yake kwa ujanja, na sasa kilima kilikuwa kinamdai. Mabega yamepanda masikioni. Anatazama nyuma, anayetazama nyuma kilimani anapoteza.

Kisha nikamwona mzee Kalmurza. Yuko njiani, juu ya farasi wake wa kijivu. Mkono mmoja mkate, mkono mwingine bakuli limejaa, hatamu ameziuma kwa meno. Nikasema basi, tumekwisha.

Iskender akampita akimpungia mkono. Mzee akaitika kwa kichwa. Bektur alipokaribia, nikaona miguu yake inalegea, anajiandaa kusimama. Na mbele yake pale, Iskender alikuwa karibu tu, unaweza kumpiga na jiwe.

"Ata, nisamehe, leo tu," Bektur akamwambia yule babu, na pumzi zinamkata.

Mzee akazitema hatamu. "Nani kakwambia usimame? Nimesema uonje. Sikusema usimame." Akageuza farasi ubavuni kwake, akamwendesha mwendo wa kuambatana naye. "Vunja."

Bektur akanyoosha mkono akikimbia, akavunja kipande cha mkate, akakitia kinywani. Mzee akainama kwenye tandiko, kama siku za ujana wake katika ule mchezo wetu wa kugombania mbuzi juu ya farasi, akamshushia bakuli mpaka usawa wa kifua. Mtoto akalipokea kwa mikono miwili, kwa heshima, miguu inaendelea, akanywa funda moja, kumisi iliyobaki yote ikamwagika shingoni na kwenye jezi, akalirudisha kwa mikono miwili. Hakuanguka. Hakupunguza hata hatua. Mzee akalipokea bakuli, akalirusha nyuma, akapiga ukelele ule wa wapanda farasi ambao sikuwa nimeusikia kwake tangu nywele zake zilipokuwa nyeusi, na farasi wake akatimka, na Bektur akatimka naye.

Mimi nilikuwa nyuma nalia na kucheka, kamasi na machozi, nikamwita baba yake marehemu, nikamwita mume wangu marehemu, nikawaambia tazameni. Bonde zima lilikuwa linapiga ndoo. Kule juu kocha alikuwa amesimama, darubini inaning'inia shingoni, amesahau kuishika. Iskender alisikia kwato, akatazama nyuma mara moja zaidi, na hiyo ikawa moja iliyozidi. Bektur akamfikia bega kwa bega kwenye changarawe. Wakaenda hivyo, hivyo, hivyo, sijui kwa muda gani, mimi niliacha kupumua kwa niaba yao. Halafu mjukuu wangu akainamisha kichwa, akatanguliza kifua, kifua kile kile walichosema hana, akaugonga mkono wake kwenye rundo la mawe. Iskender akagonga baada yake, akaanguka chali, akabaki anatazama mawingu.

Kocha alimwendea Bektur, akamwekea vidole viwili shingoni, akasikiliza. Kisha akamwuliza mbona jezi imelowa na mbona anatafuna.

Bektur hakuweza kujibu, mkate ulikuwa umejaa mdomoni. Nikafika mimi na farasi wangu anatoa povu, nikamweleza kocha yote, mabakuli, milango, kila kitu. Bektur akanitazama kwa jicho la kuniomba ninyamaze, lakini nilishaanza. Wachezaji walikuwa wanafika mmoja mmoja, wanasikiliza, na niliposema mabakuli mawili kwa Zuurakan kila siku, Iskender, akiwa bado amelala chini, akaanza kucheka mpaka akashika mbavu.

"Kila siku umekipanda kilima hiki na tumbo limejaa kumisi?" kocha akamwuliza.

Bektur akameza. "Ndiyo, mwalimu."

"Na hukusema."

"Ningesemaje? Ni mkate na maziwa ya nyumbani kwetu."

Taalai akatazama chini bondeni, mahema yote yako wazi, watu bado wako nje. Akasema ajabu, yeye anashona mifuko ya mchanga kwenye fulana usiku na mchana, awatengenezee mzigo wa kubeba, kumbe mmoja wao alikuwa akibeba wa pili tumboni bila kumwambia mtu. Akavua koti lake la klabu, lile lenye jina la Karagat mgongoni, akamvalisha Bektur juu ya jezi iliyolowa, akamwambia Jumapili ya wiki ijayo ataanza kushoto dhidi ya watu wa mji mkuu, na aache kutafuna anapozungumza na mwalimu wake.

Iskender aliinuka, akampa mkono. Akamwambia amtafutie hema la kuchungia kondoo, labda huku atapata kifua. Bektur akamwambia aje, ila atapewa bakuli.

Kisha mzee Kalmurza, ambaye bado alikuwa juu ya farasi wake, akamgeukia kocha. Akamkumbusha kwamba wiki nzima yeye kocha amepita mbele ya mlango wake ndani ya gari, asubuhi akipanda, jioni akishuka, na kioo kimefungwa, bila kuonja. Taalai akawa mwekundu mpaka masikioni, akafungua mdomo aeleze habari za ratiba. Mzee alikuwa amekwisha kumgeuza farasi kuelekea nyumbani, akituonyesha mgongo, na timu nzima, wakiwa wanachechemea, wakaanza kuteremka nyuma yake.